Kihispania Kilichosukwa Saluni

Nawaona siku hizi kwenye taxi, masikio mmeyaziba kwa vile vidude, mnajifunza Kihispania kutoka kwenye simu. Sauti inayowafundisha ni nzuri, haina mafua, haichoki, wala haina baba na mama. Siwacheki sana. Nawacheka kidogo tu, kwa sababu mimi nilifundisha kwa kaseti, na kaseti zilinitia aibu ambayo simu zenu haziwezi kuwatia.

Mnalijua joto la Durban, lile la unyevunyevu. Sasa chukua utepe wa kaseti, uuache kwenye joto hilo kwa msimu mzima, halafu uutie kwenye redio yenye betri zinazokufa. Yule bwana wa kwenye kaseti, aliyeanza akizungumza kama mtangazaji, akawa anazungumza kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Wanafunzi wangu wa kwanza walimwiga hivyo hivyo. Kulikuwa na msichana wa Westville aliyekuwa akija kwa gari la mama yake. Alikwenda Madrid likizo, akarudi amenuna. Aliniambia kila alipoagiza kahawa walimletea maji kwanza, wakamwomba akae, wakidhani hajisikii vizuri.

Kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu, na mengi nimeyasahau. Lakini jambo moja nilijifunza mapema, mwishoni mwa miaka ya tisini, na ndilo nataka mlishike ninyi mnaojiandaa kwenda kuishi kwenye lugha za watu. Alinifundisha mwanafunzi wangu, akiwa ameshika kichana.

Kwanza mnijue. Mimi ni Noella, mtoto wa Bukavu. Kihispania nilifundishwa na mtawa, Sista Remedios, aliyetukusanya wasichana wachache barazani baada ya masomo na kutusomesha bila mtu kumtuma. Alitoka Spain, na kwangu mimi Spain ilikuwa kitu kimoja, kama kipande cha sabuni. Alivyosema yeye ndivyo Kihispania kilivyo. Ulimi uweke kati ya meno hapa, sauti ipandishe pale, na ukikimbilia jibu kabla ya kufikiri atakuambia "amodiño, amodiño", yaani taratibu, pole pole. Neno hilo nililibeba mpaka Durban. Wanafunzi wangu walilitafuta kwenye kamusi wakalikosa, nikawaambia kamusi zao ni za bei rahisi.

Vita ilipotufukuza nyumbani nilifika Durban na wanangu wawili, na sebule ya fleti yetu ya Greyville ikawa darasa. Fleti ilitazamana na uwanja wa mbio za farasi. Jumamosi za mbio, watu walipopiga kelele farasi wakikaribia mwisho, ilibidi ninyamaze mpaka mshindi apatikane. Wanafunzi walijifunza kuhesabu kwa Kihispania kwa kubahatisha namba ya farasi, na nakiri walihesabu vizuri.

Katika darasa hilo alikuwamo Aline. Kwao Bujumbura alikuwa muuguzi, tena muuguzi wa wodi, wa kuamka na wagonjwa. Durban diploma yake haikutambuliwa na mtu, akawa anaosha na kusuka nywele kwenye saluni ya Mama Sifa, mwanamke wa Uvira, karibu na kwetu. Hakulalamika kuhusu saluni. Alikuwa na sentensi moja tu, aliyoisema kila nilipomuuliza kwa nini anajitesa na vitenzi baada ya kusimama kutwa nzima: "Madamu, ninataka kushika tena mgonjwa."

Na njia ya kumshika mgonjwa ilionekana. Kule Jacobs, katikati ya viwanda, kulikuwa na kliniki ndogo ya kanisa iliyohudumia vibarua, wengi wao watu wetu. Daktari wake, Rolando, alikuwa Mkuba. Kiingereza chake wakati huo kilikuwa bado kinachechemea, na wagonjwa wengi walikuwa na Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Alitaka mtu wa kukaa kati, mwenye kujua mambo ya ugonjwa. Aline alivijua vyote hivyo, na Kihispania alikuwa amekipata kwangu safi kabisa. Nilimtuma huko, kichwani mwangu nikiwa nimeshamvalisha koti jeupe.

Alirudi kabla hata darasa la jioni halijaanza. Alikaa kwenye kiti bila kuvua sweta.

"Madamu, ile luga ulinifundisha ni ya wapi?"

"Ya Spain. Kwani imekuwaje?"

"Sikusikia hata neno moja. Daktari anasema, mimi naangalia mdomo wake tu. Wagonjwa wananiangalia mimi. Vraiment, kweli kabisa, nilisikia aibu."

"Alisema haraka?"

"Si haraka. Anakula maneno. Mwisho wa neno anaumeza, inabaki pumzi. Na ile ulimi kwa meno, hana. Hata kidogo."

Daktari alikuwa mwungwana. Alimwambia arudi baada ya mwezi, atamjaribu kwa wiki nzima, lakini zaidi ya hapo hawezi kuizuia nafasi. Aline alinieleza hayo huku analia, na mimi nililia naye baada ya kufunga mlango, kwa sababu sikujua la kufanya. Kaseti zangu zote zilikuwa za bwana mmoja wa Madrid. Nilitafuta nyingine mji mzima nikapata moja ya nyimbo za mapenzi, ambazo hazimsaidii mtu mwenye kuharisha.

Sasa fuateni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kusukwa kwa Mama Sifa, nimenyong'onyea. Aline alikuwa akinisuka. Akaingia mama mmoja mgeni, akakaa kiti cha pembeni, akaanza kulalamika kuhusu mvua na taxi iliyompitiliza kwenye robot, zile taa za barabarani. Hakuna aliyemjibu lolote zaidi ya "pole". Kisha Aline akageuka, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo mama. Watu wa Kigoma hamjambo?" Yule mama akacheka kwa furaha, akaanza kuuliza nani ni mtoto wa nani.

Nyinyi mnaweza msione ajabu. Mimi niliona, kwa sababu nilijua kanuni ya saluni ile. Miaka ile, baada ya yote yaliyotokea nyumbani, kumuuliza mtu wa kwetu "unatoka wapi" lilikuwa swali lenye miba. Mtu alijifunga papo hapo, akaanza kuwaza unamtafutia nini, kabila gani, upande gani. Mama Sifa alilipiga marufuku. Aliwaambia wasichana wake, "Usimuulize mutu fasi anatoka. Mufunge mudomo, mikono itumike. Muache aseme, utamusikia mwenyewe. Ukishamusikia, umusalimie sawa kwao." Kwa hiyo wasukaji walisikiliza. Wa Goma, wa Uvira, wa Bujumbura, wa Mombasa, kabla mstari wa kwanza wa nywele haujafika kisogoni walikuwa wameshamjua mteja, na mteja alikuwa anasalimiwa kama yuko kwa dada yake.

Nilimuuliza Aline amejuaje ni Kigoma.

"Sauti inapanda fasi ingine. Na mwisho wa neno anauvuta."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu."

"Kule Bujumbura ulikuwa unasikia hivi?"

Alisimamisha kichana. "Kule? Kule nilijua Kiswahili ni ile ya mtaa wa Buyenzi, basi. Hata hapa, nilipofika, nilisikia watu wote wanasema tu vibaya. Mtanzania nilisikia sawa anasoma Biblia. Nyinyi ba Bukavu nilisikia sawa munagombana. Halafu kidogo kidogo, sijui siku gani, masikio ikafunguka."

Niliruka kwenye kiti na nywele zikiwa nusu. Mwanamke huyu alikuwa ameshaifanya kazi yote tuliyokuwa tunaililia. Aliifanya ugenini, kwa mikono yenye sabuni, bila kitabu, na wala hakujua kuwa ni elimu. Alipokuwa kwao hakusikia tofauti kwa sababu hakukuwa na cha kulinganisha. Alipotupwa katikati ya watu wanaosema kitu kile kile kwa namna kumi, kwanza alisikia makosa, halafu akasikia wimbo, halafu ndani ya wimbo akaanza kushika sauti moja moja. Kilichobaki ni kumpa Wakuba wa kutosha wakae kwenye kiti.

Tulimpata mmoja. Daktari Rolando alikuwa na rafiki, Daktari Mirta, mama mwenye nywele nyingi na kilio kikubwa: tangu afike Durban hajapata mtu wa kumsuka wanavyosuka kwao. Nilikwenda Jacobs mwenyewe, nikamwomba Rolando amlete. Nilimweleza wazi kwamba atasukwa vizuri na atasikilizwa. Alisema kwa ofa hiyo hata yeye angefuga nywele.

Siku ya kwanza nilikaa mlangoni kama polisi. Sharti langu kwa Aline lilikuwa lile lile la Mama Sifa. Usiulize, usijaribu kujibu, usitafsiri kichwani. Suka. Wacha akueleze habari za mama yake. Na Mirta alieleza. Alieleza mama yake, shangazi zake, bei ya nyanya, daktari mkuu aliyemwonea wivu, mume aliyeahidi kuja na hajaja. Mtu anayesukwa huwa anasema, hasa akijua aliye nyuma yake hatamkatiza. Aline alisema "ajá" tu, yaani ehee, mpaka jua likazunguka upande wa pili wa duka, na mimi shingo iliniuma kwa kumtazama usoni nione kama kuna kinachoingia.

Hakikuingia. Jioni alisema, "Ukungu, Madamu. Ukungu tu."

Jumamosi ya pili alisema ukungu, lakini sasa anajua Mirta anapocheka na anapolalamika hata akiwa hamwoni uso. Nilimwambia huo si ukungu tena. Katikati ya wiki Mirta alirudi kuoshwa, na hapo nikamwona Aline anatabasamu kabla ya mwisho wa hadithi, mahali pake hasa, kabla ya mimi mwenyewe kuelewa. Alisema baadaye kuwa ile pumzi iliyokuwa inamsumbua ghafla ilikaa mahali pake. Kila alipotegemea sauti ya "s" akakuta pumzi, alijua ndiyo hiyo hiyo, imevaa nguo za nyumbani. Mama Sifa, asiyejua Kihispania hata cha kuombea maji, alisema yeye alijua toka mapema, kwa sababu mkono wa Aline ulikuwa umeacha kusitasita kwenye nywele.

Msije mkadhani nawaambia muige kila mnachosikia. Kulikuwa na kijana darasani, Trésor, aliyeuza mikanda na kofia kwa mabaharia. Aliposikia habari za Mirta aliingia saluni mara mbili, akatoka anameza maneno kuliko Mkuba mwenyewe. Akaenda bandarini akamwingia nahodha wa Spain kwa mtindo huo. Nahodha alicheka mpaka akaita wenzake waje wamsikie, na Trésor akasimama pale akirudia kama redio. Ni kweli aliuza mikanda yote. Lakini alirudi kwangu akaniambia, "Eish, Madamu, walikuwa wananicheka, hawakuwa wananisikia." Sikio likifunguka, si lazima mdomo ukimbie nyuma yake. Aline aliendelea kusema Kihispania changu mimi, na akawasikia wote.

Mwezi ulipokwisha alikwenda Jacobs kwa ile wiki ya majaribio. Siku ya kwanza nilishinda dirishani natazama farasi wanaofanya mazoezi, sioni hata mmoja. Aliporudi nilijua tangu akiwa kwenye ngazi, kwa mwendo wake, kuwa ni heri.

"Nilimusikia," alisema. "Si yote. Lakini nilimusikia. Na nikamwambia kitu."

"Kitu gani?"

"Nilimwambia, Daktari, wewe na Daktari Mirta hamutoki mji moja. Yeye anaimba, wewe unapiga ngoma. Akanitazama. Akasema ni kweli, yeye ni wa Havana, Mirta ni wa mashariki kabisa. Akauliza nani aliniambia."

Mimi nilikuwa nimekaa na Mirta masaa yale yote, na Rolando nimezungumza naye mara kadhaa, na sikusikia tofauti yoyote. Kwangu walikuwa Wakuba. Nawaambia kweli, nilipata furaha yenye kijiwivu ndani yake, na wivu huo naupendekeza kwa kila mwalimu.

Lakini wiki haikuwa imekwisha. Katikati yake alikwama mara mbili, mgonjwa mmoja akasubiri kuliko ilivyofaa, na muuguzi mkuu wa kliniki, aliyempenda mtu mwenye Kiingereza kuliko mtu mwenye Kihispania, alianza kusema mbele yake kuwa zoezi hili linapoteza muda. Daktari hakujibu ndiyo wala hapana. Alhamisi Aline alinitazama akasema, "Kama kesho mambo si sharp, narudi kwa vichwa vya watu." Nilimsindikiza mpaka chini, nikamwangalia barabarani mpaka akakata kona.

Ijumaa mchana simu ililia kwenye duka la simu la jirani, wakaniita dirishani kwa jina. Alikuwa Aline, anapiga kutoka kliniki.

"Madamu, kuya. Kuya sasa."

"Wamekukataa?"

"Iko mzee hapa. Anasema sawa wewe."

Sikuelewa, lakini nilikwenda. Njiani nilijiandaa kumfariji. Nilipofika nilikuta kwenye baraza la kliniki mzee mnene amekaa, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko, na Daktari Rolando amesimama mlangoni anafuta miwani huku anacheka. Aline alikuwa ndani na mgonjwa mwingine. Daktari ndiye aliyenieleza.

Mzee alikuwa mpishi wa meli ya uvuvi, mtu wa Galicia, kule kaskazini magharibi mwa Spain kwenye mvua nyingi. Mafuta ya moto yalimmwagikia, wakala wa meli akamleta pale kwa kusikia kuna daktari wa Kihispania. Lakini maumivu yalikuwa yamemrudisha mzee kwenye lugha ya kwao, na kile Kihispania kilichobaki kilikuwa kimefunikwa na lafudhi yake kiasi kwamba Mkuba alipata neno hapa na neno pale. Kila daktari alipomgusa, mzee aliuvuta mkono na kurudia kitu kimoja. Alikuwa anakaribia kuondoka zake na jeraha lile.

"Ndipo huyu mwanafunzi wako akaja," alisema daktari. "Akasikiliza kidogo, mikono nyuma. Akaniambia, anakuomba uende taratibu. Amodiño. Neno hilo mimi sijalisikia maisha yangu yote. Halafu akakaa naye, akawa ananipa mimi Kihispania cha yule na kumpa yeye cha kwangu. Nilimuuliza amejuaje. Akasema, mwalimu wangu anaimba hivi hivi."

Sijui kama mnanielewa. Maisha yangu yote nilidhani nasema Kihispania, kile cha watu wote, kisicho na kwao. Kumbe Sista Remedios, aliyezikwa Bukavu mbali na ndugu zake, alikuwa ametia kijiji chake mdomoni mwangu, mvua yake na kila kitu, na mimi nikakitia masikioni mwa mtoto wa Bujumbura kwenye sebule ya Greyville. Hakuna aliyekisikia mpaka Aline alipofunguka masikio. Asingekaa na Mirta, angemsikia mzee yule kama alivyonisikia mimi siku zote, bila kujua kuwa kuna cha kusikiwa.

Nilimkaribia mzee nikamsalimia. Alininyanyulia macho, akanijibu, nikasema sentensi moja nyingine kuhusu mkono wake. Kisha akaniuliza, kwa upole sana, mimi mwanamke wa Kivu niliyejitanda kitenge, nimekulia kijiji gani cha kwao.

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nalo jibu refu na zuri, lakini machozi yakaanza kunitoka mbele ya watu wote wa baraza. Mlango wa ndani ukafunguka. Aline akatoka, ndani ya koti jeupe lililomzidi mabega, ambalo muuguzi mkuu alikuwa amelitoa kabatini mwenyewe. Aliniona, akanivutia kiti, akanikalisha kando ya mzee.

"Amodiño, Madamu," akasema, akarudi ndani kwa wagonjwa wake.